Jaji James Wilson: Mtunga Katiba Aliyefia Ugenini



Sote tuliopita katika madarasa ya shule yetu tulikaririshwa majina ya waasisi wa Marekani: George Washington, Benjamin Franklin, Thomas Jefferson. Waliojaliwa kupata mwalimu mwenye bidii walisikia pia habari za Hamilton na Madison. Jina la James Wilson mimi sikulisikia mpaka nilipofika chuo kikuu, na hata huko nililikuta limetajwa mara moja tu, pembezoni mwa ukurasa. Mhariri aliponitaka niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufa zamani, sikuona haja ya kurudia habari za wale ambao vitabu vyao vimejaa makabatini. Nimemchagua huyu, kwa kuwa aliandika sehemu kubwa ya Katiba ambayo Marekani inaitumia hadi leo, akawa mmoja wa majaji sita wa kwanza wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, kisha akafa akiwa jaji vile vile, katika chumba cha nyumba ya wageni, mbali na kwake, akiwakimbia watu aliowakopa.

Wilson alizaliwa tarehe 14 Septemba, 1742, shambani Carskerdo, karibu na kijiji cha Ceres katika wilaya ya Fife, huko Uskoti. Baba yake alikuwa mkulima mcha Mungu, na nia yake ilikuwa mtoto awe mchungaji wa kanisa. Kijana alipata msaada wa masomo akaingia Chuo Kikuu cha St Andrews akiwa na miaka 15. Baba alifariki kabla nia hiyo haijatimia, na masomo ya dini yakaishia hapo. Mwaka 1765 Wilson alivuka Bahari ya Atlantiki kwenda Pennsylvania, moja katika yale makoloni 13 ya Uingereza yaliyokuja kuasi. Alifundisha Kilatini katika chuo cha Philadelphia kwa muda mfupi, akaona ualimu haumlipi, akaenda kujifunza sheria chini ya John Dickinson, wakili aliyekuwa na jina kubwa kuliko wote katika mji ule. Mwaka 1767 akawa wakili kamili.

Kwanza alifungua ofisi Reading, kisha akahamia Carlisle, mji wa mpakani uliojaa walowezi wa asili ya Uskoti na Ireland. Kesi nyingi za huko zilihusu ardhi: mpaka wa huyu na yule, hati ya huyu na madai ya yule. Ilipofika mwaka 1774 karibu nusu ya kesi za mahakama ya wilaya zilipita mikononi mwake. Mwaka 1771 alimwoa Rachel Bird, wakajaliwa watoto sita. Naomba msomaji akumbuke neno hilo ardhi. Ndiyo iliyompa Wilson utajiri wa kwanza, na ndiyo iliyomla baadaye.

Mwaka 1774, ugomvi wa makoloni na Uingereza ulipopamba moto, Wilson alichapisha kijitabu alichokuwa amekiandika miaka sita nyuma. Hoja yake ilikuwa kwamba Bunge la London halina mamlaka yoyote juu ya makoloni, kwa sababu wakazi wake hawakuwachagua wabunge wale, na mtawala hapati haki ya kutawala ila kwa ridhaa ya wanaotawaliwa. Wengi wakati huo walikuwa bado wanabishana kama Bunge lile linaweza kutoza ushuru wa aina hii au ile. Wilson alilikataa lote kwa jumla.

Hata hivyo, saa ya kukata shauri ilipofika hakukurupuka. Mwezi Juni 1776, Baraza la makoloni lilipojadili kujitangazia uhuru, alitaka jambo liahirishwe mpaka watu wa Pennsylvania waliomtuma waulizwe. Wapo waliomwita mwoga kwa ajili hiyo. Mimi siwezi kumlaumu mjumbe anayekataa kusema kwa niaba ya watu ambao hajawasikia. Ruhusa ilipokuja alisimama imara. Tarehe 2 Julai wajumbe wa Pennsylvania walikuwa saba: wawili walikataa uhuru, wawili walikaa nje wasipige kura, na watatu, yaani Franklin, John Morton na Wilson, wakakubali. Pennsylvania ikaingia upande wa uhuru kwa kura moja.

Sasa tufike kwenye tukio ambalo kwangu linamweleza mtu huyu kuliko hotuba zake zote. Vita vya uhuru vilileta dhiki kubwa. Serikali ilichapisha noti bila kipimo, noti zikapoteza thamani, bei za unga na nguo zikapaa kila mwezi, na watu wa Philadelphia wakaanza kuwatafuta walanguzi. Wakati huo huo Wilson alikuwa amehamia mji huo na alikuwa anawatetea mahakamani watu walioshtakiwa kwa uhaini, yaani waliodaiwa kuwasaidia Waingereza walipoutwaa mji. Wawili kati ya washtakiwa wa mwaka 1778, Carlisle na Roberts, walinyongwa. Wengine aliwaokoa. Juu ya hayo alikuwa rafiki wa wafanyabiashara wakubwa kama Robert Morris, na aliipinga hadharani katiba ya jimbo la Pennsylvania ya mwaka 1776, ambayo maskini waliipenda. Kwa mtu wa kawaida aliyesimama kwenye foleni ya mkate, Wilson alikuwa adui kwa kila upande.

Tarehe 4 Oktoba, 1779, wanamgambo wenye silaha waliandamana kuelekea nyumbani kwake, pembeni mwa barabara za Third na Walnut. Ndani alikuwamo yeye na rafiki zake ishirini na kitu, nao wana bunduki. Nani alianza kupiga risasi, kila upande ulisema lake. Kapteni Robert Campbell, aliyekuwa ndani, aliuawa. Wanamgambo waliuvunja mlango kwa nyundo, na pengine wangewamaliza wote, kama Rais wa jimbo, Joseph Reed, hakutokea na askari wa farasi akawatawanya. Watu kadhaa walikuwa wamekufa barabarani na wengine wengi wamejeruhiwa. Wilson alitoka mjini akajificha kwa siku kadhaa. Baadaye Bunge la jimbo lilitoa msamaha wa jumla, na shauri likazikwa.

Mtu wa namna nyingine angetoka katika nyumba ile akiwa amewachukia watu maisha yake yote, na wako wengi katika historia waliokuwa hivyo. Wilson hakuwa hivyo. Miaka minane baadaye, katika mkutano wa kutunga Katiba, hakuna mjumbe aliyedai kwa nguvu zaidi kuliko yeye kwamba watu wenyewe wachague viongozi wao, bila kupitia kwa mtu wa kati.

Mkutano huo ulianza Philadelphia tarehe 25 Mei, 1787. Waliohudhuria kwa vipindi mbalimbali walikuwa wajumbe 55 kutoka majimbo 12, maana Rhode Island haikutuma mtu. Madirisha yalifungwa ili siri isitoke nje, na joto la Julai lilikuwa kali. Wilson, mtu mrefu mwenye miwani minene na matamshi ya Kiskoti, alisema mara 168, na aliyempita ni mjumbe mmoja tu. Tarehe 1 Juni alipendekeza mamlaka ya utendaji yawekwe mikononi mwa mtu mmoja. Ukumbi ulinyamaza kimya. Walikuwa wametoka juzi kumkataa mfalme, na sasa wanaambiwa waweke mtu mmoja juu ya nchi nzima. Wilson alieleza kwamba mtu mmoja anaweza kuulizwa na kuwajibishwa, lakini watatu watasukumiana lawama. Sisi tuliokaa katika kamati za serikali tunamwelewa vizuri.

Alitaka pia Rais huyo achaguliwe na wananchi moja kwa moja. Wenzake waliona ni ndoto: nchi kubwa, barabara mbaya, na majimbo ya kusini yakaogopa kwamba watumwa wao wasiopiga kura hawatawapa uzito wowote. Wilson aliposhindwa, kesho yake alileta shauri la kuwa na wapiga kura maalumu watakaochaguliwa wilayani, na mwishowe, baada ya kukataliwa na kurudishwa mara kadhaa, utaratibu wa namna hiyo ndio uliopita. Unatumika mpaka sasa, na lawama zake ni nyingi, lakini ni haki kukumbuka kwamba kwa mwanzilishi wake lilikuwa chaguo la pili. Kuhusu Senate, alidai maseneta nao wachaguliwe na watu. Alishindwa tena. Wamarekani walikuja kumkubalia mwaka 1913, kwa badiliko la 17 la Katiba.

Lipo doa, nami silifichi. Tarehe 11 Juni ni Wilson aliyetoa hoja kwamba katika kugawa viti vya wawakilishi, watumwa wahesabiwe kwa kipimo cha watatu katika kila watano. Hesabu hiyo ilikuwa imekwisha kutumika katika Baraza la zamani kwa shughuli za kodi, naye aliichukua ili majimbo ya kusini yakubali viti vigawanywe kwa idadi ya watu. Baadaye katika mkutano ule ule alikiri kwamba haoni msingi wa hesabu hiyo: kama ni raia, kwa nini wasihesabiwe sawa na wengine, kama ni mali, kwa nini mali nyingine isihesabiwe? Alijua kwamba ni kosa, akalipitisha kwa ajili ya mapatano. Alitumaini pia kwamba ruhusa ya kuzuia biashara ya watumwa kuanzia mwaka 1808 ingekuwa mwanzo wa kuufuta utumwa wenyewe. Utumwa ulifutwa mwaka 1865, baada ya vita vilivyoua mamia ya maelfu. Waafrika waliouzwa ng'ambo, na watoto wao waliozaliwa kule, ndio waliolipia mapatano yale.

Mwishoni mwa Julai kamati ya watu watano ilipewa kazi ya kuyageuza maazimio kuwa Katiba yenye vifungu. Wilson alikuwa mmoja wao, na rasimu zilizohifadhiwa Philadelphia zina mwandiko wa mkono wake. Tarehe 6 Agosti rasimu ikaletwa mbele ya mkutano. Ilianza kwa kuwataja watu kuwa ndio wanaoitunga, si serikali za majimbo. Siku ya kutia sahihi, 17 Septemba, Mzee Franklin alikuwa na miaka 81 na hakuwa na nguvu za kusimama na kusoma hotuba yake. Wilson akamsomea. Watu sita tu ndio walioweka sahihi katika Tangazo la Uhuru na katika Katiba pia, naye ni mmoja wao.

Kazi ya kuwashawishi watu wa Pennsylvania ilimwangukia yeye. Tarehe 6 Oktoba alihutubia umati nje ya jengo la Bunge la jimbo, na hotuba ile ikachapishwa magazetini nchi nzima. Katika mkutano wa kuidhinisha, yeye peke yake ndiye aliyekuwa ameshiriki kuitunga, hivyo kila swali lilielekezwa kwake. Tarehe 12 Desemba, 1787, Katiba ilipita kwa kura 46 dhidi ya 23. Siku moja baada ya Krismasi alikuwa Carlisle, mji ule ule aliojengea jina lake, akisherehekea na wenzake. Wapinzani wakawavamia, Wilson akapigwa vibaya, na kesho yake sanamu yake ikachomwa moto mbele ya kadamnasi. Kwa mara ya pili watu aliowatetea karatasini walimfuata kwa marungu.

Mwaka 1789 Washington aliapishwa kuwa Rais. Wilson alimwandikia barua, akajiombea mwenyewe cheo cha Jaji Mkuu. Kwa desturi za waungwana wa wakati huo kitendo hicho kilionekana cha ajabu kidogo. Washington alimjibu kwa adabu, bila kuahidi lolote, na Ujaji Mkuu akampa John Jay. Wilson akawa mmoja wa majaji wenzake, kwa mshahara wa dola 3,500 kwa mwaka. Nafasi ya Jaji Mkuu ilikuja kuwa wazi tena mwaka 1795, wakatajwa Rutledge, kisha Cushing, kisha Ellsworth. Wilson hakuitwa. Akili yake hakuna aliyeitilia shaka. Nionavyo mimi, habari za madeni yake zilikuwa zimekwisha kufika masikioni mwa Rais.

Wasomaji wasidhani Mahakama ile ilikuwa na fahari iliyo nayo sasa. Ilikaa kwa mara ya kwanza New York mwezi Februari 1790, ikakosa kesi hata moja ya kusikiliza. Taabu ya majaji ilikuwa safari. Sheria iliwataka wazunguke majimboni mara mbili kila mwaka kusikiliza mashauri, juu ya farasi na magari ya kukokotwa, wakivuka mito isiyo na madaraja na kulala penye kunguni. Wilson alisafiri kama wenzake, na katikati ya hayo akaanza kufundisha sheria katika chuo cha Philadelphia. Somo lake la kwanza, tarehe 15 Desemba, 1790, lilihudhuriwa na Rais Washington mwenyewe. Alikusudia kuandika mfumo mzima wa sheria za Marekani. Hakuumaliza.

Hukumu zake ni chache, lakini mbili zina uzito. Mwaka 1792 Bunge lilipitisha sheria kwamba askari waliolemaa vitani wapeleke maombi ya pensheni mbele ya majaji, na uamuzi wa majaji upitiwe na Waziri wa Vita, aukubali au aukatae. Wilson na wenzake wawili, wakikaa Pennsylvania, walikataa kuisikiliza kazi hiyo. Walimwandikia Rais kwamba uamuzi wa mahakama ukiweza kutenguliwa na waziri, basi hiyo si mahakama tena. Bunge likarekebisha sheria mwaka uliofuata. Haikuwa kazi rahisi, maana waliosubiri mlangoni walikuwa vilema wa vita vya uhuru, na umma haukupenda kuona wakirudishwa mikono mitupu.

Ya pili ni kesi ya Chisholm dhidi ya jimbo la Georgia, iliyoamuliwa Februari 1793. Mfanyabiashara mmoja wa South Carolina aliliuzia jimbo la Georgia bidhaa wakati wa vita, mwaka 1777, akafa bila kulipwa. Msimamizi wa mirathi yake, Alexander Chisholm, akalishtaki jimbo. Georgia ilikataa hata kutuma wakili. Ilisema jimbo ni dola, na dola haishtakiwi na mtu binafsi. Majaji wanne kati ya watano walisema inashtakiwa. Jaji aliyetofautiana nao alikuwa James Iredell wa North Carolina. Wilson aliandika kwamba katika nchi ile mwenye enzi ni watu, na jimbo ni chombo tu kilichoundwa na watu. Kama mtu mmoja mwaminifu anafungwa na ahadi yake na kulipa deni lake, watu wengi waliojiunga pamoja hawapati ruhusa ya kukwepa kwa kuwa tu wamejiita jimbo. Majimbo yalikasirika mno, kwani mengi yalikuwa na madeni ya vita. Baraza moja la Bunge la Georgia lilipitisha muswada kwamba atakayejaribu kuitekeleza hukumu ile anyongwe. Kufikia Februari 1795 Katiba ilikuwa imebadilishwa kwa mara ya 11 ili kuifuta.

Ajabu ni kwamba alipokuwa akiandika maneno hayo juu ya deni, yeye mwenyewe alikuwa amezama shingoni.

Tangu ujana wake Wilson aliamini kwamba wahamiaji wangemiminika kutoka Ulaya na bei ya ardhi ingepanda bila kikomo. Alinunua mapori kwa mamilioni ya eka, Pennsylvania na kwingineko, karibu yote kwa mkopo, na alipohitaji fedha ya kulipa mkopo wa kwanza alikopa wa pili. Alijenga viwanda ambavyo havikuleta faida. Mwaka 1795 alikuwa na hisa hata katika ule ulanguzi mkubwa wa ardhi ya Yazoo, ambao wabunge wa Georgia walihongwa ili kuupitisha, na ambao Bunge jipya la jimbo liliufuta mwaka uliofuata. Jaji wa Mahakama ya Juu kuwa na hisa katika jambo ambalo lazima lingekuja mahakamani! Siwezi kulitetea hilo, na sidhani kama yeye mwenyewe angelitetea katika darasa lake. Kukopa harusi, kulipa matanga. Mkewe Rachel alikuwa amefariki mwaka 1786, na mwaka 1793, akiwa na miaka 51, alimwoa Hannah Gray wa Boston, msichana wa miaka 19. Binti huyo hakujua anaolewa na madeni.

Miaka ya 1796 na 1797 mambo yaliharibika. Vita vya Ulaya vilikausha fedha, Benki ya Uingereza ikasimamisha malipo ya dhahabu Februari 1797, mikopo ikaitwa irudishwe, na wahamiaji hawakuja kwa wingi uliotazamiwa. Ardhi haikupata mnunuzi. Wakati huo mdai aliweza kumfunga mdaiwa gerezani mpaka alipe, na sheria ya shirikisho ya kumwokoa mtu aliyefilisika ilikuja mwaka 1800 tu. Robert Morris, aliyekuwa tajiri kuliko wote Philadelphia na mweka hazina wa mapinduzi, alifungwa mwaka 1798 akakaa ndani zaidi ya miaka mitatu.

Wilson alikimbia. Agosti 1797 Mahakama ilikaa bila yeye. Alikamatwa Burlington, New Jersey, akatiwa gerezani, jaji wa Mahakama ya Juu akiwa mfungwa wa madai. Mwanawe Bird alihangaika kupata fedha za kumtoa. Akaelekea kusini kwa kisingizio cha kuzunguka na mashauri, akafika Edenton, North Carolina, mji mdogo wa pwani aliokaa Jaji Iredell, yule yule aliyetofautiana naye katika kesi ya Georgia. Hapo akafikiwa na Pierce Butler wa South Carolina, aliyekaa naye katika mkutano wa Katiba na kutia sahihi pamoja naye. Butler alimdai dola 197,000. Kwa mshahara wake wa jaji, asile wala kuvaa, Wilson angehitaji miaka 56 kulimaliza deni hilo moja. Alitiwa gerezani tena.

Jambo hili limenisumbua nilipokuwa nikisoma. Katiba aliyosaidia kuitunga ilimlinda jaji dhidi ya serikali kwa kila njia: hafukuzwi kazi akiwa na mwenendo mwema, mshahara wake haupunguzwi, na uamuzi wake hauingiliwi na waziri. Yeye mwenyewe aliutumia ulinzi huo katika kesi ya pensheni. Lakini hakuna kifungu kilichofikiria kwamba jaji anaweza kushikwa na mdai. Watunzi waliiogopa serikali. Benki na mwenye hati ya mkopo hawakuwamo mawazoni mwao, labda kwa sababu wengi wao nao walikuwa walanguzi wa ardhi. Hakujiuzulu, wala hakuna aliyemshtaki Bungeni ili aondolewe. Kiti kilibaki wazi huku mwenyewe yuko kifungoni.

Alipotoka gerezani aliishi na Hannah katika nyumba ya wageni karibu na mahakama ya Edenton. Julai 1798 alishikwa na malaria, kisha akapata kiharusi. Katika siku za mwisho alikuwa akiweweseka. Hannah, ambaye sasa alikuwa na miaka 24, alimwuguza mpaka mwisho. Alifariki tarehe 21 Agosti, 1798, akikaribia kutimiza miaka 56. Samuel Johnston, shemeji yake Iredell na gavana wa zamani, alitoa mahali pa kumzika katika shamba lake la Hayes, ng'ambo ya kijito. Mazishi yalikuwa ya watu wachache.

Kiti chake Rais Adams alimpa kwanza John Marshall, akakikataa. Kikaenda kwa Bushrod Washington, mpwa wa Rais wa kwanza, ambaye alikuwa amejifunza sheria katika ofisi ya Wilson. Bird Wilson, aliyekuwa mwanasheria na baadaye akawa kasisi, alikusanya masomo ya baba yake akayachapisha mwaka 1804 katika vitabu vitatu. Wasomaji hawakuwa wengi. Kwa miaka 108 kaburi la Hayes lilikaa bila kutembelewa na wakubwa. Mwaka 1906 jimbo la Pennsylvania liliomba mabaki yake yarudishwe. Meli ya kivita iliyachukua hadi Philadelphia, jeneza likawekwa katika jumba lile lile alilotia sahihi mara mbili, na mwezi Novemba akazikwa upya katika uwanja wa kanisa la Christ Church, mbele ya Jaji Mkuu na wakuu wa serikali. Wadai wake wote walikuwa wamekwisha kufa.